Foleni ya Vigezo

Kwako Baba,

Shikamoo. Naiweka hapa juu peke yake, kabla sijaanza maneno yangu mengi, ili hata ukichoka kunisikiliza katikati uwe umeshaipokea. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na lile jino lililokuwa likinisumbua limeng'olewa wiki iliyopita, halina tena la kusema. Na wewe je? Mgongo umeachia? Kaka mguu wake umepona, au bado anautumia kama kisingizio cha kutochota maji? Wajukuu wako wote hawajambo?

Najua barua hii hutaisoma wewe, atakusomea wifi yangu. Kwa hiyo namsalimu na yeye hapa hapa. Wifi, hujambo mwenzangu? Nakuomba usome kila neno kama lilivyo. Usiruke, usilainishe, na tafadhali usikimbilie ukurasa wa mwisho kama unavyofanya na kila kitabu unachoazima. Kaeni chumba cha mbele, wewe na Baba tu, mrudishe mlango.

Na wewe Baba, usimkasirikie wifi, kwa sababu yeye ndiye aliyenipigia simu. Ameniambia umeamua kuacha ushonaji. Ameniambia ulikata suruali ya mwalimu mkuu mguu mmoja ukawa mfupi kuliko mwenzake kwa vidole vitatu, ukaitazama sana, ukaikunja, ukaenda mwenyewe kumwomba radhi, na jioni ile ukatangaza wakati wa kula kwamba macho yamekuaga, hata kwa miwani mpya hayataki tena kazi. Na kwamba mwisho wa mwezi huu cherehani yako, meza ya kukatia na mikasi yote mitatu vinakwenda kwa yule fundi wa mtaa wa pili, yule unayemwita Mshona Magunia. Baba! Mshona Magunia kweli? Mtu ambaye wewe mwenyewe ulisema akitia kifungo kimoja inabidi apumzike siku mbili? Nakusihi, usimpe mtu hata sindano mpaka barua hii ifike mwisho. Sababu ninayo, na nitaisema. Ila lazima nianzie mbali kidogo, maana nikianzia karibu utanikasirikia kabla hujasikia yote. Mimi ni kasuku wako wa siku zote, nivumilie.

Miaka miwili sasa unawaambia watu hapo mtaani kwamba binti yako anatengeneza kompyuta. Sitengenezi kompyuta, Baba. Ninaandika maagizo ambayo kompyuta inayafuata. Kazini kwetu ni karakana ya miwani, ghorofa ya pili juu ya duka la rangi, kwa hiyo mwaka mzima tunanuka rangi kana kwamba tumepakwa sisi. Chumba cha mbele ni mapokezi. Pembeni ni pa daktari wa kupima macho. Chumba cha kati tunakaa sisi tunaoandika programu, watatu kwenye meza mbili. Cha nyuma kina mashine ya kukatia lenzi, na fundi wa lenzi, mzee mmoja mpole mwenye aproni ya plastiki, ambaye anapiga mluzi tangu asubuhi hadi anapofunga. Daktari anapima, sisi tunaiambia mashine la kufanya, mashine inakata, yule fundi anasafisha na kutia kwenye fremu. Ndiyo kazi yetu.

Mkubwa wetu ni mama mmoja wa makamo, mfupi, sauti ndogo, hana haraka na mtu. Tunamwita Mama Foleni. Jina anajua, na halimkeri. Amelipata kwa namna anavyofanya kazi, na ndiyo hiyo ninayotaka uielewe, kwa sababu bila hiyo hutaelewa mengine.

Programu yetu imekatwakatwa vipande vidogo vinavyoitwa fanksheni. Usiogope neno. Fanksheni ni kazi moja iliyopewa jina. Unaiita, unaipa inachohitaji, inakurudishia kitu kimoja. Wewe ukipewa kitambaa, kifua, kiuno na urefu wa mkono, unarudisha shati. Vile unavyopewa ndivyo sisi tunaviita vigezo. Sasa lugha tunayoandikia ina msimamo mkali kuliko mama mkwe. Fanksheni hairuhusiwi kuchungulia pembeni, wala kukumbuka ya jana, wala kubadilisha kitu cha mwenzake. Inajua kile tu kilichopita mlangoni. Ndiyo maana kuamua vipite vigezo gani, vingapi, na kipi kitangulie, ni nusu ya kazi yote. Mimi nilipoajiriwa nilidhani ni jambo la dakika mbili. Unaandika majina, unaendelea na safari. Loo, nilikuwa sijui na sijui kama sijui!

Siku yangu ya kwanza Mama Foleni alinikuta nimeshajaza ukurasa mzima. Hakunifokea. Aliniomba niinuke, akanipeleka kwenye meza ndefu iliyo karibu na dirisha, akanipa kadi tupu na kalamu. Akasema kila kigezo kiandikwe kwenye kadi yake. Halafu akaanza kuzipanga kadi kwa mstari, moja baada ya nyingine, akiziuliza maswali kwa sauti kama vile zina masikio. Aliiuliza kadi ya fremu inabadilika mara ngapi. Mimi nikajibu kwa niaba yake kwamba fremu za aina moja tunazikata wiki nzima. Basi hiyo ikasimama mbele. Kadi ya aina ya kioo ikafuata. Kadi ya macho ya mteja, ambayo hubadilika kila mtu anapoketi kitini, akaipeleka mwisho kabisa wa foleni.

Nikamuuliza ina tofauti gani, si vyote vitaingia tu? Akaniambia kwamba katika lugha yetu si lazima uipe fanksheni vyote kwa mara moja. Unaweza kuipa vya mbele, ikakaa imevishika, ikawa kazi mpya inayosubiri vilivyobaki. Asubuhi unaipa fremu na kioo, na kutwa nzima huna haja ya kuvitaja tena, unaleta macho tu, mtu baada ya mtu. Lakini ukiweka macho mbele na fremu nyuma, umejifunga mwenyewe, kila mteja unaanza upya. Baba, pale nilikuona wewe msimu wa sare za shule. Kitambaa kile kile, uzi ule ule, mshono ule ule, umeshaitega cherehani tangu alfajiri, na watoto wanapita mmoja mmoja na vipimo vyao. Nilimweleza Mama Foleni hivyo. Akanitazama, akasema kumbe nimekuja nimeshafundishwa, tatizo langu ni kwamba nimesahau. Nilifurahi siku tatu.

Mengine nilijifunza kwa kuaibika. Niliwahi kuandika fanksheni ya vigezo tisa. Akauliza kama hakuna ndugu kati yao, na kweli walikuwapo, vipimo vinne vya uso wa mtu mmoja vinatembea kila mmoja kivyake kama watu waliogombana. Akavitia kwenye bahasha moja, vikawa kigezo kimoja chenye jina. Siku nyingine fanksheni yangu ilikuwa inapokea ndiyo, hapana, ndiyo. Aliisoma hivyo hivyo kwa sauti, ndiyo, hapana, ndiyo, halafu akaniuliza kama naandika programu au najibu posa. Wenzangu walicheka mpaka fundi wa lenzi akaja kuona kulikoni. Lakini alikuwa na haki. Baada ya miezi sita nani angejua ndiyo ipi ni ya kioo cha kivuli na ipi ni ya dawa ya kuzuia mikwaruzo? Tangu hapo tunaandika maneno yenyewe, chenye kivuli au kisicho na kivuli, hata kipofu anaelewa.

Na mwisho wa yote kuna mtihani wa mapokezi. Foleni ya kadi ikishakamilika, Mama Foleni anamwita dada wa mapokezi, ambaye maishani hajaandika mstari mmoja wa programu, anamwonyesha kadi, anampa karatasi ya mteja yeyote, anamwambia agawe kila kitu mahali pake. Akikosea, Mama Foleni hasemi dada amekosea. Anasema foleni yetu ndiyo mbaya. Mwanzoni nilimwonea huruma yule dada. Weee, kumbe yeye anajiona hakimu! Akishika kadi anakunja uso, anatuhukumu, anatwambia turudi tukajipange.

Nakwambia ukweli, Baba, nilimpenda mama huyu kama mtu anavyompenda fundi. Sijui kama nimewahi kukwambia hivyo wewe. Ulikuwa unapiga pasi mshono wa ndani ambao hakuna mtu atakayeuona, na mimi nikitaka kwenda kucheza nikawa nakuuliza kuna faida gani. Sasa naiona kazi ya namna ile ile kila siku na nasimama kuitazama.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Miezi minne iliyopita nilikabidhiwa fanksheni kubwa yangu ya kwanza, ya kukata lenzi mbili kwa pamoja, jozi nzima. Mama Foleni alikuwa amesafiri siku mbili. Kichwa kilikuwa kimenivimba. Niliona kadi ni za wanaojifunza, na mimi nimeshajua. Nikaandika moja kwa moja. Fremu mbele, kioo kinafuata, hapo nilikuwa mwanafunzi mwema. Halafu mwisho nikaweka namba mbili, ya jicho la kushoto na ya jicho la kulia. Namba tupu, zote mbili. Mtihani wa mapokezi nikauruka, kwa sababu dada alikuwa na watu wengi na mimi nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Karatasi anayojaza daktari wetu ina mchoro wa uso, na kila jicho lina kisanduku chake. Mimi nikaisoma kama mtu anavyosoma, kutoka kushoto. Kisanduku cha kushoto nikakipeleka kwa jicho la kushoto, cha kulia kwa la kulia. Nini rahisi kuliko hapo? Lakini ule uso kwenye karatasi unakutazama, Baba. Mtu akikutazama, jicho lake la kulia liko upande wako wa kushoto. Daktari anajua, fundi wa lenzi anajua, kila aliyewahi kukaa mbele ya mteja anajua. Mimi ninayekaa mbele ya kioo cha kompyuta tu, sikujua. Na kompyuta haikuniuliza, kwa sababu nilikuwa nimeiambia inasubiri namba mbili, na ilipata namba mbili. Mama Foleni aliporudi akaipitia, akaona foleni imenyooka na majina yamekaa vizuri, akaipitisha.

Ilichukua wiki kadhaa kujulikana. Watu wengi macho yao mawili yanakaribiana, ukiwabadilishia lenzi hawashituki sana. Wanaoumia ni wale ambao jicho moja ni zima na lingine ni dhaifu. Walikuwa wanarudi mmoja mmoja, wanalalamika kichwa, wanaambiwa watazoea. Mama mmoja muuza vitabu alirudi mara ya tatu, akasema hataondoka mapokezi mpaka mtu aitazame miwani ile badala ya kumtazama yeye. Daktari akaipima lenzi moja moja. Ya kulia ilikuwa kushoto, na ya kushoto ilikuwa kulia.

Nilitamani ardhi ipasuke hapo hapo, ghorofa ya pili, nidondoke kwenye makopo ya rangi. Kila mtu chumbani alijua ni kazi ya nani. Mama Foleni hakuuliza nani. Aliandika ile fanksheni yangu ubaoni, jina na vigezo vyake vinne, akasimama mbali kidogo akaitazama, akauliza mlango huu umewezaje kupitisha jicho la kushoto mahali pa jicho la kulia bila hata kubisha. Mwenye karakana akapanda ngazi akifoka, akitaka jina la aliyefanya. Mama Foleni akampa jina lake mwenyewe. Akasema yeye ndiye aliyeipitisha, na kilichopita mkononi mwake ni chake. Sauti ile ile ndogo. Yule bwana akafoka tena, akaishiwa pumzi, akashuka.

Halafu Mama Foleni akachukua daftari la wateja, akatoa orodha ya wote walioumizwa. Walikuwa kumi na tisa. Akawapigia simu mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, akawaambia macho yao hayana kosa, kosa ni letu, waje wakatiwe mingine. Nilijitolea kumsaidia kupiga. Akakataa, akasema kazi yangu iko kwenye ile meza ya dirishani.

Jioni yake tulikaa na kadi. Safari hii hakuniacha niandike namba tupu. Alisema jicho la kulia liwe aina yake na jicho la kushoto liwe aina yake, kila moja livae nguo yake, ili mtu akikosea akaleta moja mahali pa lingine kompyuta ikatae pale pale, mashine haijagusa kioo. Na yote mawili yatoke kwa daktari yakiwa yameshavaa, siyo tuyavishe sisi huku tukikisia. Nikakumbuka jinsi ulivyokuwa ukinitajia vipimo nikiandika. Hukuwahi kutaja namba bila jina lake. Kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na mbili, hata kwa mteja uliyemshonea miaka ishirini. Niliwahi kukuuliza kwa nini unajichosha mdomo, ukaniambia namba haijui kwao. Nikamsimulia Mama Foleni. Alicheka, akasema wamekosea kuajiri, wangemchukua baba wakamwacha binti nyumbani. Akasema angependa siku moja akuone ukikata kitambaa.

Siku hiyo hiyo, kabla hatujainuka, aliniuliza swali moja. Aliuliza kama kuna jozi yoyote iliyokatwa kwa fanksheni ile na haimo kwenye daftari.

Nikamjibu hakuna.

Baba, nilidanganya. Ilikuwapo moja, na ilikuwa yako.

Ulipoikalia miwani yako ya zamani ikavunjika, kaka alinitumia ile karatasi uliyoandikiwa hospitali, ina namba za macho yako. Jicho lako la kulia zima, la kushoto dhaifu tangu ulipougua utotoni, tofauti yake kama mchana na usiku. Nilimpa fundi wa lenzi azinakili kwenye karatasi yetu ya mchoro wa uso, na yeye akaziweka sawa. Nilitaka miwani ya kwanza kabisa kutoka kwenye kazi yangu ya kwanza kubwa iwe ya baba yangu. Nilimbembeleza yule mzee, akaikata saa ya mapumziko ya mchana, tukaiita ya majaribio, hatukuiandika popote. Nilikuwa na furaha isiyo na kifani. Niliifunga mwenyewe kwenye kitambaa, nikakutumia. Mashine ilikuwa imekugeuzia macho yako, na aliyeiagiza ni mimi.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Niliogopa kuonekana mwizi wa lenzi, hilo ni la kwanza. La pili ni kwamba nilikuwa nimeshakuuliza kwenye simu unaionaje, ukaniambia ni miwani bora kuliko zote ulizowahi kuvaa, kwamba unawaona mpaka sisimizi wakisalimiana. Baba, ulikuwa huoni hata tundu la sindano! Ulinidanganya ili usiniumize, na mimi nikakuamini kwa sababu kukuamini kulinifaa. Jozi zile kumi na tisa ziliporudi, nilijua. Nilijiambia labda umebahatika, labda umezoea, labda macho ya kwetu ni ya aina nyingine. Mama wa watu alikuwa anajitwika kosa langu mbele ya tajiri wake, na mimi hata swali moja sikuweza kulijibu kwa ukweli. Kila nilipokupigia simu ukasema unaona vizuri, nililala usingizi. Huku wewe unaukanda uso mbele ya cherehani, unafikiri uzee umekuja kukuchukulia kazi yako.

Wifi aliponipigia juzi kuniambia habari ya suruali na ya Mshona Magunia, niliketi kwenye ngazi za karakana nikalia mpaka mwenye duka la rangi akaniletea kiti. Kisha nikapanda, nikamwambia Mama Foleni yote. Mficha uchi hazai, nilimwambia, na mimi nimeuficha miezi mitatu. Hakunipapasa mgongo. Alisema la lenzi ni dogo, kila anayekata huharibu, ila la kumjibu kwamba hakuna ndilo lilikuwa kubwa, na hilo lisirudi tena. Halafu akafungua daftari, akaandika jina lako kwa mkono wake, la ishirini. Akataka kukupigia simu kama alivyowapigia wengine. Nikamwambia huyu niachie mimi. Akakubali, akaniambia lakini nisipige simu, niandike, maana kwenye simu mimi na wewe tumeshazoeana kudanganyana.

Miwani yako mpya itakatwa Ijumaa, kioo cha aina yako kikiwasili. Itakatwa kwa fanksheni ile tuliyoipanga upya, na dada wa mapokezi ameshaipitisha. Nimepewa ruhusa ya siku nne. Jumamosi nitakuwa hapo, nitakuvalisha mwenyewe, na ukitaka kunigombeza unigombeze ana kwa ana.

Lakini sitaki ukae mpaka Jumamosi ukiamini huoni. Fundi wa lenzi alinifundisha jambo jana, na ninaona haya kwamba sikulifikiria mwenyewe. Vua hiyo miwani. Igeuze juu iwe chini, pale panapokaa puani patazame dari. Usiigeuze mbele kuwa nyuma. Sasa ishike kwa mkono mbele ya macho hivyo hivyo. Lenzi ya kushoto imekuja kulia, na ya kulia imekwenda kushoto. Utaonekana kichekesho, najua. Wifi, ole wako ucheke.

Kabla sijakuachia, nisalimie kaka, mwambie asione kiburi kuja kunipokea. Wabusu watoto wote. Msalimie mwalimu mkuu, mwambie mguu wa suruali yake ni deni langu siyo lako. Mama Foleni naye anakusalimu kwa heshima zote.

Wifi mwenzangu, asante kwa kusoma, na asante kwa ile simu. Mimi naishia hapa na wewe. Mpe Baba karatasi hii mkononi, mwonyeshe mstari unaofuata ulipo, halafu unyamaze.

Baba, kama maneno haya unayasoma wewe mwenyewe, basi macho yako hayajakuaga. Ni yale yale. Aliyekosea ni mimi, na aliyenyamaza ni mimi. Nisamehe. Mwambie Mshona Magunia asije.

Binti yako akupendaye,
Kasuku